Sakafu ya mbao Dar es Salaam: mninga, mkongo, msaji au mwaloni wa kuagiza?

Muuzaji wa sakafu za mbao hapa Dar akikukaribisha dukani atakuwekea mezani vipande sita saba na kukuuliza unapenda rangi gani. Rangi ni jambo la mwisho. Sakafu nyingi zinazoharibika mjini hapa haziharibiki kwa sababu mwenye nyumba alichagua mti mbaya. Zinaharibika kwa sababu ubao uliingia ndani ukiwa na maji mengi mno, au machache mno, kuliko hewa ya nyumba hiyo. Ndiyo maana tathmini hii inaanza na maji, halafu ndipo inafika kwenye miti yenyewe.

Ubao hata ukiwa umekufa miaka mingi unaendelea kunywa na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Nyumba ya Dar yenye madirisha wazi na feni, hewa yake ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 75 hadi 80, hufanya ubao utulie kwenye asilimia 13 mpaka 15 ya maji. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi muda wote huwa na hewa ya asilimia 50 hadi 60, na ubao wake hutulia kwenye 9 mpaka 11. Hizo ni nyumba mbili tofauti kabisa kwa upande wa sakafu, hata kama zimepakana ukuta. Kabla hujachagua chochote, jibu swali hili kwa ukweli: kiyoyozi kitawaka saa ngapi kwa siku? Kama ni usiku tu chumbani, hesabu kwamba nyumba yako ni ya madirisha wazi.

Mwaloni wa kuagiza

Huu ndio unaotangazwa zaidi, ule wauzaji wanaouita "oak". Unatoka Ulaya au Uchina, umefungwa vizuri kwenye maboksi, kingo zimenyooka, ulimi na mfereji (ukingo mmoja uliochomoza na mwingine uliochimbwa, ili mbao zishikane) vinaingiana bila nguvu. Kwa ufundi wa kiwandani hauna mpinzani sokoni kwetu. Tatizo ni kwamba umekaushwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi zenye vipasha joto, kwa kawaida kwenye asilimia 7 hadi 9.

Fanya hesabu ya ubao mmoja wa mwaloni mzima wenye upana wa milimita 125. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 8 hadi 14, ubao uliopasuliwa kwa njia ya kawaida huongezeka upana karibu milimita 2.7. Chumba cha upana wa mita 4 kinabeba mbao 32 kama hizo, kwa hiyo sakafu nzima inatafuta nafasi ya zaidi ya sentimita 8. Fundi ameacha sentimita moja na nusu kila upande chini ya skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Kinachobaki hakina pa kwenda ila juu. Ndiyo yale matuta yanayoonekana katikati ya sebule miezi michache baada ya kuhamia, hasa masika, na milango inayoanza kukwaruza chini.

Soma pia karatasi ya dhamana kabla ya kulipa. Viwanda vingi vya sakafu za mbao huandika humo kwamba dhamana inasimama endapo hewa ya chumba inabaki kwenye kiwango fulani cha unyevunyevu, mara nyingi kati ya asilimia 40 na 60 au karibu na hapo. Kwa nyumba ya Dar isiyo na kiyoyozi cha muda wote, sharti hilo linavunjwa siku ile ile sakafu inapotandikwa. Miaka 25 iliyoandikwa kwenye boksi haina kazi kwako.

Mwaloni wa tabaka ni habari nyingine. Hapa mwaloni halisi ni ngozi ya juu tu, na chini kuna plaiwudi ambayo nyuzi za matabaka yake zinapishana, hivyo tabaka moja linalizuia jingine kutanuka. Kwa fleti za ghorofani zenye kiyoyozi, Masaki, Upanga au Oysterbay, hii ni bidhaa nzuri na tunaipendekeza, kwa masharti mawili. La kwanza ni unene wa ngozi. Milimita 3 au 4 inaruhusu kupigwa msasa tena mara moja au mbili baada ya miaka. Ngozi ya nusu milimita ikichubuka imekwisha, hairudi. Itazame kwa ubavu wa ubao, usiamini maandishi. La pili ni gundi ya plaiwudi. Omba kipande cha sampuli, kizamishe kwenye ndoo ya maji saa 24, kisha kiache kikauke kivulini. Matabaka yakiachana, ukajua gundi haikutengenezwa kwa mji wa pwani.

Lamineti na zile mbao za plastiki na unga wa mawe zinazoitwa SPC si mbao ngumu, kwa hiyo hazistahili nafasi kubwa hapa. Lamineti moyo wake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Maji yakiingia kwenye maungio, kingo zinavimba na hazirudi. SPC haijali maji, na kwa chumba cha chini kwenye eneo linalotuama maji ni uamuzi wa busara kuliko mbao yoyote.

Miti ya kwetu

Mninga ndio chaguo letu la kwanza kwa nyumba ya kawaida ya Dar, na si kwa mazoea. Kati ya miti ngumu inayojulikana, mninga ni miongoni mwa ile inayocheza kidogo sana inapopata au kupoteza unyevu. Uzito wake wa takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo unaufanya usiwe mgumu kuranda, na kiini chake kinahimili mchwa. Rangi inaanzia hudhurungi ya dhahabu mpaka wekundu wenye michirizi, na mbao mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana. Ukitaka sakafu ya rangi moja tupu, mninga utakukera.

Udhaifu wake uko pembeni. Ile sehemu nyeupe inayozunguka kiini haina ulinzi wa kiini, na bungua wanaipenda. Dalili ni vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini na unga laini kama wa ngano unaomwagika ukigonga ubao. Mara nyingi weupe huo unapakwa rangi ufanane na kiini, kisha ubao unauzwa kwa bei ya kiini. Kwaruza kwa kisu upande wa nyuma na kwenye ulimi. Rangi ikitoka na weupe ukaonekana, ukatae. Ukubali weupe usiozidi mstari mwembamba upande wa chini tu.

Mkongo, ambao watu wa pwani wanauita pia mbambakofi, ni mzito zaidi, karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo, na mgumu zaidi. Kwa korido, ngazi na sebule yenye watoto na viti vinavyoburutwa, unaushinda mninga. Unacheza kidogo nao. Ila unaharibu meno ya msumeno, unapasuka ukipigiliwa bila kutobolewa kwanza, na una rangi ya manjano ndani yake inayotoka ukilowa. Kwa hiyo mbao za mkongo zisikae mvuani juu ya marumaru nyeupe au karibu na ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Msaji una sifa duniani kote, na sisi tunao: mashamba ya Longuza kule Muheza, ya Mtibwa mkoani Morogoro, na ya bonde la Kilombero. Ubao wake una mafuta ya asili na unatulia vizuri. Ule ule ubao wa milimita 125 tuliopigia hesabu ya mwaloni, ukiwa wa msaji, ungeongezeka karibu milimita 1.4, nusu tu. Lakini msaji wa mashamba huvunwa mara nyingi ukiwa bado mdogo. Mti mdogo una weupe mwingi na mafundo mengi, na mbao zake zinatoka nyembamba. Usitafute mbao pana za msaji. Chukua za milimita 70 hadi 90, ambazo kwa sakafu ni bora hata hivyo, kwa sababu ubao mwembamba unafungua mwanya mdogo. Yale mafuta nayo yana gharama: gundi na vanishi vinakataa kushika. Kabla ya kupaka, uso unafutwa kwa kitambaa chenye asetoni au tina, na kazi inafanywa ndani ya saa ile ile, kwa kuwa mafuta yanapanda tena.

Mvule ni mzuri, ila ndani yake hukutwa vijiwe vya chokaa vinavyovunja visu vya mashine, na fundi atakutoza kwa hilo. Mpangapanga, wenye michirizi ya kahawia iliyokolea, unapendeza sana kwa vipande vifupi vinavyopangwa kama ukuti wa mnazi. Mpingo usiufikirie. Ni mzito kuliko maji, unapatikana kwa vipande vidogo, na ni mti wa zumari na vinyago.

Kuhusu uhalali: mbao za miti ya asili ziwe na nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu, na mwenye yadi aweze kukuonyesha kibali cha usafirishaji wa shehena hiyo, ile karatasi wanayoiita TP. Anayesita kuionyesha, hama. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi mzuri wa misitu, mwaka 2009, kwa hiyo mbao ngumu ya asili iliyovunwa kwa utaratibu si ndoto nchini mwetu, iulizie.

Yadi: Keko na Buguruni

Hapa ndipo mninga mzuri unapogeuka sakafu mbaya. Mbao nyingi za yadi zimekaa wima ukutani au zimelundikwa bila vijiti kati yake, na ukiuliza utaambiwa "imekauka hii, ina miezi". Ubao wa inchi moja unaweza kuwa mkavu nje na wenye asilimia 20 katikati. Ukitandikwa hivyo utanywea, na baada ya miezi utaingiza sarafu kwenye maungio.

Nenda na kipima unyevu cha sindano mbili. Usipime kwenye ncha, kwani ncha hukauka mapema na kukudanganya. Pima angalau nusu mita kutoka ncha, au bora zaidi mwombe muuzaji akate ubao mmoja katikati, upime kwenye mkato mpya. Chagua mbao kumi kutoka sehemu mbalimbali za lundo, zile za chini na za katikati zisikosekane.

Kama huna kipima, jikoni kunatosha. Kata kipande cha sentimita 5 kutoka katikati ya ubao na ukipime mara moja kwenye mizani ndogo ya kupimia unga. Tuseme ni gramu 200. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 na ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito usibadilike tena. Huchukua karibu siku nzima. Tuseme kimebaki gramu 170. Maji yaliyotoka ni gramu 30. Gawanya kwa 170, unapata asilimia 17 na nusu. Ubao huo bado. Kwa nyumba ya madirisha wazi unatafuta 12 hadi 14. Kwa nyumba ya kiyoyozi cha muda wote unatafuta 9 hadi 11, na kiwango hicho hakifikiwi kwa kuanika nje Dar hata ungeanika mwaka, kwa sababu hewa yenyewe hairuhusu. Hapo ni lazima tanuri la kukaushia. Malipo ya tanuri yanauma, lakini ni madogo kuliko ya kung'oa sakafu.

Kingine ni vipimo. Ubao unaouzwa kama inchi 1 kwa 6 mara nyingi haufiki. Ukikuta unene wa milimita 22, baada ya kuranda pande mbili utabaki na 17 au 18, na ulimi wake utakuwa dhaifu. Nenda na rula. Unatafuta unene kamili wa milimita 25 ili ubaki na 19 au 20.

Idadi inakosewa kila siku, kwa hiyo tuipige kwa chumba cha mita 4 kwa 5. Eneo ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya mikato, zinakuwa 22. Ukipanga kwa mtindo wa ukuti, ongeza 15. Ubao wa inchi 6 wenye urefu wa futi 12, ukisharandwa na kutolewa ulimi, unabaki na upana unaoonekana wa milimita 130 hivi, yaani mita za mraba 0.476. Gawanya 22 kwa hiyo, unapata mbao 47. Halafu kuna zile zitakazokataliwa kwa weupe, fundo au ufa. Asilimia 15 ni makadirio ya haki. Nunua 54. Anayenunua 40 kwa kukadiria eneo la sakafu tu atarudi yadi, na shehena ya pili haitafanana na ya kwanza.

Chini ya ubao

Zege jipya lina maji mengi kuliko linavyoonekana. Sakafu ya saruji ya milimita 50 inahitaji karibu miezi miwili ya hewa safi, na jamvi nene zaidi linahitaji zaidi, masika ndiyo kabisa. Kipimo rahisi: bandika nailoni ya mita moja kwa mita moja juu ya zege, ziba kingo zote kwa soletepu, iache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, au zege limeiva rangi kuliko la pembeni, subiri. Maeneo ya chini kama Msasani Bonde la Mpunga, ambako maji ya ardhini yako karibu, zege la chini lisilo na nailoni iliyotandikwa wakati wa ujenzi halitakauka kamwe. Hapo tunashauri mbao zibaki ghorofani.

Sakafu isawazishwe mpaka rula ya mita 2 ikilazwa popote isiache upenyo wa zaidi ya milimita 3. Kisha kuna njia mbili. Ya branda: nailoni nzito, branda (miti mirefu ya kubebea sakafu) za inchi 2 kwa 2 zilizotiwa dawa ya mchwa, umbali wa sentimita 40 kutoka katikati ya moja hadi ya nyingine, na msumari unaopita kwenye ulimi kwa mshazari wa nyuzi 45 baada ya kutoboa kwa drili. Ya gundi: gundi ya poliurethani inayosambazwa kwa mwiko wenye meno, karibu kilo moja kwa mita ya mraba. Mafundi wengi hutumia ile gundi nyeupe ya seremala kwa kuwa ni rahisi na wameizoea. Kwa fenicha ni sawa; kubandika sakafu kwenye zege ni kosa. Ina maji yanayoingia kwenye ubao, na zege likitoa unyevu gundi inalainika na vipande vinaanza kugonga chini ya mguu.

Mbao ziingie ndani ya nyumba wiki mbili tatu kabla, zikiwa zimepangwa kwa vijiti, vioo vya madirisha vimekwisha kuwekwa, plasta na rangi ya kwanza vimekauka, na kiyoyozi kikiwaka kama kitakavyowaka mwenye nyumba akihamia. Kuzunguka kuta zote acha milimita 12 hadi 15. Skatingi ipigiliwe ukutani, kamwe isipigiliwe kwenye sakafu.

Kosa moja linastahili kutazamwa kwa karibu, maana linatokea kwenye nyumba za gharama kubwa. Baada ya mvua za kwanza, kila ubao unajikunja kama kisahani: kingo juu, katikati chini. Pitisha kiganja, utahisi mawimbi madogo. Maana yake upande wa chini umelowa kuliko wa juu. Fundi mwenye haraka analeta mashine ya msasa na kusawazisha kingo. Sakafu inang'aa, analipwa. Miezi mitatu baadaye unyevu wa chini unaondoka, ubao unataka kurudi kwenye umbo lake, lakini kingo zilishaliwa. Sasa katikati ndiyo iko juu. Jibu sahihi ni kutafuta maji yanatoka wapi, kuyazuia, na kuacha sakafu mpaka kipima kionyeshe juu na chini vimelingana. Mara nyingi mbao hujinyoosha zenyewe.

Vanishi na deki

Vanishi ya kupuliza wanayotumia mafundi wa fenicha haifai sakafuni. Inachubuka na maji yanaiacha na madoa meupe. Tumia poliurethani ya sakafu, mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu. Msasa unaanza na namba 60, 80, kisha 120, na kati ya mkono na mkono unapitisha 220 kwa wepesi. Lita moja inapaka takriban mita za mraba 10, kwa hiyo chumba chetu cha mita za mraba 20 kinahitaji lita 6 kwa mikono yote mitatu. Siku ya mvua usipake.

Halafu deki. Desturi yetu ya ndoo ya maji na tambara linalochuruzika, asubuhi na jioni, inafaa saruji na marumaru. Sakafu ya mbao inafagiliwa kwa ufagio laini kila siku na kufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone. Mweleze hivyo anayesaidia kazi za nyumbani siku ya kwanza, na umwonyeshe kwa mkono. Mchanga wa pwani ni hatari kuliko maji: chembe zake ni msasa unaotembea na viatu, kwa hiyo weka mkeka wa kukung'utia miguu nje ya mlango na mwingine ndani.

Na zile mbao zilizobaki usimwachie fundi. Weka tano au sita uvunguni mwa kitanda, ndani ya nyumba ile ile, wala si stoo ya uani. Zitakuwa zimevuta hewa ile ile iliyovutwa na sakafu, na siku ubao mmoja ukiharibika, wa akiba utaingia ukiwa na unyevu sawa na majirani zake.